Mgongo wa Mkeka

Wiki tatu kabla ya ndoa yangu, bibi yangu, kambo Amida, alisahau mkeka. Hakusahau alikouweka, maana ulikuwa chumbani kwetu, mtaani Katuba, nusu yake imekwisha. Alisahau namna ya kuusuka. Katika ukoo wetu, uliotoka Maniema zamani, bibi arusi hupewa mkeka wa ukindu uliosukwa na mama wa mama yake, wenye ua lilelile la tangu mwanzo. Lakini tangu malaria iliyomlaza msimu wa mvua, kambo alikuwa anasuka vizuri mpaka afike kwenye ukindu mwekundu, kisha vidole vinasimama.

Mama akaleta mkeka wa plastiki kutoka mpakani, Mokambo. Kambo akautazama, akasema asante. Tangu siku hiyo hakugusa tena ukindu.

Plastiki haikunisumbua. Niliogopa ile asante.

Ndiyo maana Jumanne nilimpeleka mjini, kwenye jumba la makumbusho tulilotembelea na wenzangu wa chuo. Nilikumbuka mkeka wenye nyekundu ndani ya kabati la kioo, na kikaratasi kilichoandikwa Kasongo, mji wa huko Maniema.

Mlangoni kambo alivua kandambili.

"Mama, vaa viatu, hapa haiko muskiti," alisema mlinzi. Kifuani alikuwa na kadi yenye jina Jeannot.

"Iko nyumba ya bantu ba zamani. Weye unaingia kwa bakubwa na viatu?"

Jeannot alitazama buti zake, akacheka, akatuacha.

Ndani mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu, taratibu, kama unaoshuka majini. Tulipita misalaba ya shaba, mawe ya kijani yenye mistari ya mawimbi, barakoa zilizofumba macho. Kambo alitembea bila sauti, na kila sanduku la kioo aliliamkia kwa kichwa. Nilihisi tukipaza sauti vitu vyote vitaamka na kutuuliza watoto wa nani.

Kisha tukafika kwenye mkeka, nami nikaona ambacho sikukiona mara ya kwanza. Ulikuwa umetundikwa kinyume. Vikia vya ukindu vilitokeza kila mahali, kama nywele zisizochanwa. Ua lilikuwa limeelekea ukutani.

Mimi ni mtu anayepitiliza kituo kwa kuogopa kumwambia dereva asimame. Nilimtazama kambo, paji lake limegusa kioo. Nikamwendea Jeannot.

"Pardon, papa..."

"Sema kwa nguvu, mademoiselle. Barakoa beko banalala, habatasikia."

"Mkeka ule. Tunaona mgongo wake."

"Mugongo? Maprofesa bote banakuyaka hapa, banapiga picha ya mugongo?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ufunguo iko na chef, mukubwa wa hapa."

"Tunaomba ugeuzwe. Kidogo tu. Kambo yangu anahitaji kuona ua." Sauti yangu ilitoka yote, ikanirudia kutoka darini.

Jeannot aliacha kucheka. Alikwenda, akakawia, akarudi na ufunguo na glavu nyeupe. Alifungua kabati, akanyoosha mikono.

"Usigeuze," alisema kambo.

"Kambo, huo ni mgongo."

"Najua. Mama alikuwa anasuka, miye nalala chini ya mikono yake, naangalia juu. Mbele iko ya bageni. Miye nilijifunza huku."

Akainua vidole hewani. Moja inapita juu, mbili zinajificha, moja inapita juu. Midomo yake ilikwenda na vidole, polepole. Akafika kwenye nyekundu. Vidole vikasimama.

"Hapa," alisema. "Hapa njo ninapotea."

Nilisogea mpaka nikasikia harufu ya vumbi la ukindu. Nikatazama vikia.

"Mbili nyekundu zinaingia pamoja, kambo."

"Pamoja?"

"Pamoja. Ona, mikia yao inatoka tundu moja."

"Ee!" Alipiga makofi. "Pamoja! Njo maana mama alikuwa anazilowesha na mate, zishikane!"

Vidole vikaondoka tena, safari hii haraka. Nilihesabu naye, kwa sauti, bila kuona aibu. Jeannot alisimama kati yetu, glavu zake juu, hajui aweke wapi mikono.

"Sasa nifunge, mama?"

"Ngoja kwanza, baba," kambo alisema. "Hatuyafika ku pindo."