Ng'ombe wa Luciana Waenda Hija

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na mama yangu hakuwa mtu wa mzaha, kwamba haya ni kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Sijaongeza chumvi na sijaficha kitu. Anayebisha ashuke Ihanja aulize nyumba ya Chrispin mwenye mashine ya kukamua alizeti. Harufu ya mashudu itamfikisha kabla majirani hawajamwelekeza.

Jumatatu moja, kabla jua halijatoka, mke wa Chrispin, Elizabeti, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba akimpaka mumewe mafuta ya alizeti kwenye visigino. Walikuwa na safari ya siku tano kwa miguu, toka Ihanja mpaka groto ya Bikira Maria iliyo juu ya kilima, ukishaipita Kinampanda. Kila mwaka alizeti ikishavunwa, watu wa parokia huifanya hija hiyo. Wanandoa wanaotimiza miaka thelathini hupewa heshima ya kutembea mkiani, nyuma ya wote, wameshika rozari moja, mume upande huu na mke upande ule. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Chrispin na Elizabeti peke yao. Wenzao wa mwaka wao wa ndoa walikuwa wameshakufa au wameshaachana.

Kila mwenye hija huandika nia yake kwenye karatasi na kumkabidhi katekista Lazaro. Chrispin aliandika kwa mwandiko mzuri: shukrani kwa miaka thelathini ya ndoa, na Mungu atupe jibu juu ya Eliana.

Huyu Eliana ni mtoto wa dada yake. Wiki mbili kabla ya hija alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume wake huko Sepuka, mtoto mgongoni, mkono wa kulia umening'inizwa kwa khanga. Alisema harudi. Chrispin hakumfukuza na hakumkaribisha. Mila inajulikana: binti akibaki kwao, ng'ombe wa mahari wanarudi kwa mume. Ng'ombe wa Eliana walikuwa saba, na walikuwa zizini, lakini walishaahidiwa. Simeoni, kijana wa Chrispin, alikuwa anaoa mwalimu wa shule, na wazazi wa mwalimu walitaka ng'ombe kumi na wanne. Saba walikuwepo. Saba wengine walikuwa hawajulikani watatoka wapi. Kwa hiyo Chrispin alimwambia Eliana atampa jibu akitoka hija. Eliana akaitikia haya, mjomba, akashika ufagio kwa mkono wa kushoto.

Siku ya kwanza walitembea vizuri. Siku ya pili, walipoipita Singida mjini na kushika barabara ya Misigiri, ilisikika kengele nyuma yao. Anayetembea mkiani hana mtu nyuma yake, ndiyo maana ya mkia. Chrispin akageuka. Ng'ombe saba walikuwa wanawafuata, mstari mmoja, kwa mwendo wa mahujaji. Salamu Maria ikianza, kengele zinalia. Watu wakipumzika, zinanyamaza.

Elizabeti aliwatazama mmoja mmoja. Alimjua fahali mweusi mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika. Alimjua jike wa madoa mwenye chuchu tatu, maana alimkamua mwenyewe nyumbani kwao akiwa mchumba. Hawa walikuwa ng'ombe wa mahari yake, waliopelekwa kwa baba yake miaka thelathini iliyopita, na wote walishakufa. Wanne walimalizwa na ukame wa mwaka mmoja, wawili waligongwa na lori, na yule fahali alichinjwa kwenye msiba wa baba yake. Utumbo wake aliuosha yeye.

"Wamenenepa," alisema Elizabeti.

Chrispin alisema ni kweli, wamenenepa, wakaendelea na fungu la tatu la rozari.

Sasa lazima nieleze ng'ombe hao walikotoka. Kabla hawajawa mahari ya Elizabeti walikuwa mahari ya Luciana, dada yake Chrispin. Luciana alikuwa na miaka kumi na saba alipoolewa na mtu mzima wa Mtunduru. Ng'ombe waliingia zizini kwao siku ya Alhamisi, na Jumamosi wakatoka kwenda kwa akina Elizabeti. Walilala hapo siku mbili tu. Mwaka uliofuata Luciana alirudi akichechemea, mguu wa kushoto umevunjwa na umeunga vibaya. Baba yake alimpa maji ya kunywa, akamwonyesha Elizabeti, aliyekuwa anatwanga uani. Akamwambia ng'ombe wako ndio yule pale, mwanangu, nitawarudishaje? Kesho yake mshenga, yule mtu wa kati aliyeipeleka posa, alimpakia Luciana nyuma ya baiskeli akamrudisha kwa mumewe. Ndiyo kazi ya mshenga, hakuna aliyemlaumu. Luciana alikaa huko miaka mitano mingine, akamzaa Eliana, akafa. Mumewe alikwenda machimboni na hakuonekana tena, basi mtoto akalelewa Ihanja. Kwenye nyumba ya Chrispin jina la Luciana halikutajwa, hata kwenye misa za marehemu.

Ng'ombe walitembea siku ile nzima. Hakuna aliyeonekana akiwaswaga, lakini wakitaka kuingia shamba la mtu kitu kinawarudisha barabarani. Hawakula na hawakunywa. Nyuma yao, juu ya alama za kwato, zilibaki nyayo za mwanamke asiye na viatu, mguu wa kulia umekanyaga sawasawa na wa kushoto umeburuta vumbi. Mahujaji waliokuwa mbele waliziona walipokuwa wanarudi nyuma kuokota sandali iliyodondoka. Walizikwepa kwa adabu, kama unavyokwepa mkeka wa mtu.

Jioni hiyo Elizabeti alimimina uji kikombe kimoja zaidi, akakiweka kando ya barabara. Asubuhi alikikuta kimeoshwa na kufudikizwa juu ya jiwe.

Siku ya nne, pale Ulemo, mtendaji mmoja aliwasimamisha. Aliuliza kibali cha kusafirisha mifugo, akauliza pia mbona hawana hereni za masikioni. Katekista Lazaro alimweleza kwamba hawa ni wa zamani, walikufa kabla ya mambo ya hereni. Mtendaji alifikiri kidogo, akaandika kwenye daftari lake: mifugo ya hija, saba, wanapita. Aliwaomba tu wasiharibu bomba la maji.

Walilala kwenye madarasa ya shule. Jua likiwa linazama, Chrispin na Elizabeti walikaa barazani, miguu yao minne ndani ya beseni moja la maji ya chumvi. Ng'ombe walisimama kwenye kiwanja cha mpira. Vumbi lilikuwa linapeperushwa na upepo kila mahali isipokuwa pale waliposimama.

"Baba Simeoni," alisema Elizabeti, "hawa ni wa Luciana."

"Nimewaona."

"Ni saba. Na wa Eliana ni saba."

"Najua kuhesabu, mama."

"Basi si jibu hilo? Tumrudishie yule mwanamume saba wake walioko nyumbani, mtoto abaki. Na hawa wawe wa Simeoni. Ataanza na saba, wengine atawatafuta mwenyewe. Au mwalimu wake hawezi kungoja?"

Chrispin aliutoa mguu mmoja majini akautazama. Alisema hija haina haraka, tufike kwanza, tumsikie Mungu.

"Mungu ametuma ng'ombe," Elizabeti akasema. "Unataka atume na barua?"

Alinyanyuka, akaenda kumwaga lile beseni pembeni ya kiwanja, mahali zile nyayo zilipoishia. Alikaa huko kitambo kirefu akiwa amechuchumaa, na waliokuwa karibu wanasema alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, ile ya mawifi wakichambua mboga.

Siku ya tano walipanda kilima. Padri Gerald aliwabariki mahujaji, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamejipanga nyuma yao, akawanyunyizia na wao maji ya baraka. Maji hayakuwalowesha. Kisha nia zikasomwa. Ilipofika ya Chrispin, aliomba aseme mwenyewe. Elizabeti alimshika kiwiko. Kila mtu alijua anangoja jina moja tu litajwe, lile lisilotajwa nyumbani kwao, na kwamba likitajwa pale, mbele ya watu mia mbili, halitafutika.

Chrispin alimshukuru Mungu kwa mke mwema. Alimshukuru kwa miaka thelathini. Alisema alikuja na swali na amejibiwa kwa wingi kuliko alivyoomba, kwamba Mungu ameona upungufu wa mtumishi wake na kuujaza. Alivyoinua mkono kuonyesha ng'ombe, watu walisema amina. Elizabeti alikiachia kile kiwiko.

Mahujaji hurudi kwa basi. Ng'ombe hawapandi basi, na magoti ya Chrispin yalikuwa yamevimba, hivyo yeye alipanda. Elizabeti alirudi na ng'ombe kwa miguu, siku tano nyingine, yeye na mwenye zile nyayo. Njia nzima alionekana akicheka, akinyamaza, akiuliza kitu, akitikisa kichwa. Waliyozungumza hajamwambia mtu yeyote. Amesema moja tu, kwamba wifi yake aliuliza kama Eliana alikuwa mtoto wa kula vizuri, na yeye akamjibu alikuwa anapenda sana ugali wa mtama na mlenda.

Alipofika Ihanja alikuta turubai limefungwa uani na wazazi wa mwalimu wamekaa. Chrispin alishapiga simu akiwa ndani ya basi. Saba wa Eliana walitolewa zizini, saba wa Luciana wakaunganishwa nao pale pale getini bila hata kupumzika, wakawa kumi na wanne. Baba wa mwalimu aliwakagua meno na kwato. Aliuliza mbona hawa wengine hawanywi maji. Chrispin akamwambia hiyo ndiyo sifa yao, ukame hauwagusi. Yule mzee aliridhika sana, akauliza kama hiyo mbegu bado inapatikana.

Elizabeti alikwenda jikoni akachochea moto. Wageni walikula, wakaswaga ng'ombe wao, wakaenda. Jike wa madoa, yule wa chuchu tatu, alisimama kidogo mbele ya mlango wa jikoni, kisha akafuata wenzake. Mwalimu ameshaolewa, ni binti mwenye heshima na hana kosa lolote. Baba yake anamkamua yule jike mpaka leo. Maziwa ni mengi, ila hayagandi na hayachachi, na mtoto akiyanywa analala siku mbili. Wanayauza mnadani.

Kuhusu Eliana, Chrispin alimwita usiku huo huo akamweleza kwa upole. Ng'ombe hawapo tena, mwanangu, umeona mwenyewe. Asubuhi mshenga alimpakia kwenye bodaboda, mtoto katikati, akamrudisha Sepuka. Nyuma ya tairi, barabara nzima, zilionekana zile nyayo, mguu mmoja umekanyaga na mmoja umeburuta. Kwa mwendo ule sijui alikimbiaje.

Hapo ndipo hadithi inapoishia, na hapo ndipo nilipotaka kuiacha. Nilimsomea mke wangu Yasinta akiwa anapeta choroko. Hakuinua kichwa.

"Mbona kila mtu ana jina," aliuliza, "hata katekista, lakini mshenga hana?"

Nilimwambia mshenga ni mtu mdogo tu kwenye mambo haya.

"Mdogo? Na aliyempakia Luciana kwenye baiskeli ni nani? Na aliyepanda bodaboda na Eliana mwezi uliopita, akarudi hapa anasema mgongo unamuuma? Mzee, umeapa kwa kaburi la mama mkwe wangu kwamba hujaficha kitu."

Yasinta aliendelea kupeta. Aliuliza mbuzi wa ujira wa mshenga anayelia hapo nje ametoka kwenye mahari ya nani kama si ya Eliana, na yule tuliyemla zamani, mwaka ule wa Luciana, kama nakumbuka tulimla kwa mboga gani. Nilikuwa nakumbuka. Akasema basi mlipe mwenyewe mali yake, leo, kabla hujamsomea mtu mwingine.

Nikamfungua mbuzi nikaenda naye Sepuka. Nilimkuta Eliana uani, anafagia kwa mkono wa kushoto. Nyayo zilikuwa zimeizunguka nyumba yote, nyingi, za siku nyingi, na alikuwa anafagia katikati yake bila kuzigusa. Aliniamkia shikamoo, babu. Nikaitika marahaba. Nilimwambia nimemletea kitu chake, nikamkabidhi kamba.

Alimtazama mbuzi. Kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, kwa muda, mpaka na mimi nikageuka.

"Ni huyu tu, babu?"

"Ni huyu tu."

Alisema asante, akampeleka kumfunga pamoja na mbuzi wa mume wake.