Nguruwe Wasiougua

Mume wangu Luka hakusomea udaktari, ila nguruwe wetu hapa Ngokolo walikuwa na daktari wao binafsi. Kila asubuhi aliingia bandani na ndoo ya pumba, akanyunyizia antibayotiki ya unga kama anayetia chumvi kwenye mboga, kisha akasimama kuwatazama wakila. Hakukuwa na hata mmoja mgonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Salome, afisa mifugo wetu, alimweleza kwamba dawa ni ya mnyama mgonjwa, na kwamba vijidudu vikionjeshwa dawa kila siku huizoea. Luka alimsikiliza kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka getini, akarudi kuongeza kijiko.

"Mama Nelly," akaniambia, "yule ana cheti. Mimi nina nguruwe wanaonenepa."

Na kweli walinenepa. Donatus, aliyekuwa akiwanunua na kuwapeleka Geita kwenye vibanda vya kitimoto, kila akija alileta dawa mpya, maana ile ya zamani, ajabu kabisa, ilikuwa imeacha kufanya kazi. Zahanati ingetuonea wivu kwa rafu yetu ya dawa za nguruwe. Binti yetu akikohoa nilimpa maji ya limau.

Kisha nguruwe wawili wakaanza kuhara. Wiki hiyohiyo Nelly, wa miaka minne, aliyezoea kuwashika vitoto vya nguruwe kisha kulamba vidole, akashikwa na homa na kuhara damu. Akalazwa hospitali. Siku ya tatu homa ilikuwa palepale, na mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Niliogopa kumpoteza.

Daktari Athanas akaja na majibu ya maabara. "Ni kijidudu cha salmonela," alisema, "na kimezishinda dawa hizi." Akazitaja tatu. Luka alizijua zote, mpaka rangi za makopo yake.

"Mtoto amewahi kuzitumia?"

"Mtoto, hapana," alijibu Luka.

Daktari akayatazama mabuti ya Luka yenye tope la bandani. "Unafuga nini, baba?"

"Nguruwe."

"Kuna sindano moja iliyobaki ya kujaribu." Akaitaja. "Na hii umeshawapa?"

Luka aliinamisha kichwa. "Bado. Niliiagiza, Donatus hajaileta."

Donatus alikuwa amekimbilia machimbo mapya ya dhahabu huko Geita, simu hapokei. Kwa wiki mbili Luka alikuwa akimwita tapeli asiye na maana.

Nelly alichomwa sindano ile jioni hiyo. Siku ya pili homa ikashuka, akaomba uji. Nilikuwa namnywesha simu ya Luka ilipoita. Aliitazama, akanikabidhi mimi.

"Shemeji, naombeni radhi kwa kuwachelewesha," alisema Donatus. "Dawa ya nguruwe nimeipata."

"Irudishe ulikoitoa, shemeji," nikamwambia. "Na asante sana kwa kuchelewa."