Ugonjwa Wenye Kona

Nilikwenda Makoongwe siku nne kumkanda binti yangu aliyejifungua. Siku nne tu. Niliporudi Gando Jumatatu asubuhi, nikaukuta ukoka wangu umegeuka manjano.

Nasema wangu, ingawa mwenyewe hasa ni Suhail, mwenye nyumba ya wageni. Lakini aliyeupanda kipande kwa kipande ni mimi. Mimi ndiye niliyeulisha samadi ya ng'ombe iliyooza miezi sita, na mwani niliousuuza kwa maji matamu mara tatu mpaka ukaisha chumvi. Magugu nang'oa kwa mkono. Nikiukata siushushi chini ya vidole vinne, na vipande vilivyokatwa naviacha pale pale vioze. Miaka mitatu sijautia hata tone la dawa ya dukani, na si kwa ujuaji. Mteremkoni, hatua kumi na tano kutoka kwenye ukoka ule, pana kisima alichokichimba marehemu Mzee Ishak, babake Suhail, kiwe sadaka kwa mtaa mzima. Kinachotiwa juu, mvua inakiteremsha huko. Mjukuu wangu Shadya anakunywa maji yale, na mimi nayanywa.

Suhail naye alikuwa amerudi kutoka Unguja asubuhi ile ile. Nilimkuta kasimama barazani, mkoba bado uko begani.

"Bi Mwatum, n'nini hichi?"

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri. N'nini hichi?"

"Sijajua. Nipe siku nitizame."

"Siku zipi? Jumapili wanakuja wale wakala wa watalii. Wakiukuta hivi ntawambia nini? N'shapiga simu Wete. Kuna dawa ya wadudu, unaichanganya na mbolea ya dukani, unapiga kwa bomba, siku tatu majani yamerudi. Alkhamisi asubuhi napiga."

"Na kisima?"

"Kisima kina mfuniko, Bi Mwatum."

Mfuniko! Kana kwamba maji ya kisima yanamiminwa kwa juu mfano wa chai. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaumeza ulimi. Huyu nilimjua tangu anatambaa, lakini sasa mshahara anatoa yeye.

Siku ile sikula. Nilishika majani yaliyogeuka, nikavuta. Yakakatalia ardhini, mizizi mizima, basi si funza. Hata hivyo nikamwagia maji ya sabuni, nikachuchumaa kusubiri wadudu watoke. Akatoka nyungunyungu mmoja, mnene, mwenye afya kuliko mimi. Nikachota udongo nikauonja kwa ncha ya ulimi, maana niliogopa labda mwani wa mwisho sikuusuuza vyema, nami ndiye niliyeuua kwa mkono wangu. Haukuwa na chumvi. Hapo ndipo hofu ilipozidi, kwa sababu kosa langu ningeweza kulitengeneza, lakini hili sikulijua ni la nani.

Jumanne chupa ya dawa ilifika. Suhail aliiweka juu ya baraza, na ilikuwa na picha ya fuvu la kichwa. Mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nilikwenda nyumbani nikajaza kila chombo: ndoo, madumu, sufuria ya pilau, hata beseni la kufulia. Shadya akaniuliza kama kuna harusi. Nikamkaripia bure, mtoto wa watu, kisha nikakaa nikahesabu vyombo. Tungekunywa siku sita. Na wenzangu mtaani? Na siku ya saba?

Jumatano nilirudi mapema, ukoka bado una umande. Jua la asubuhi lilipolala ubavuni, nikaona kitu ambacho siku mbili nzima nilikuwa nakikanyaga bila kukiona. Yale mabaka ya manjano yalikuwa na kingo zilizonyooka. Lile la kwanza lilikuwa na kona nne. La pili, kona nne. La tatu hivyo hivyo, yamepangana sambamba, na katikati yao kinjia cha kijani cha kupita mtu mmoja. Ugonjwa gani wenye kona? Nikapiga magoti, nikapenyeza vidole kwenye majani, nikatoa punje moja ya karafuu.

Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Msimu ule Pemba nzima inanukia karafuu, nguo zinanukia, pesa zinanukia, nani angeshtukia harufu? Ukoka haukuwa na ndwele yoyote. Ulitandikiwa majamvi ya kuanikia karafuu siku nne kwenye jua kali, ukakosa pumzi. Ungemwagiwa maji asubuhi, ukaachwa, katika wiki mbili ungerudi wenyewe.

Na mwenye karafuu nilimjua. Bi Ummkulthum, mjane wa Mzee Ishak, mamake Suhail, alikuwa ukumbini anachambua karafuu, vijiti vya makonyo upande huu, punje upande ule. Nilikaa chini, karibu yake.

"Bi Mkubwa, nimeokota hii kwenye ukoka."

Aliitizama punje, akaendelea kuchambua.

"Sakafu yangu ilikuwa pale," alisema. "Ishak kaimwaga simenti mwenyewe. Miaka arubaini twanika pale. Huyu kaivunja, kapanda majani. Mie karafuu zangu nanike wapi? Kichwani?"

"Mwambie basi kuwa ni majamvi. Kesho anapiga dawa."

"Siwezi, Mwatum. Kashaniapia, akiona karafuu kwenye majani yake, mikarafuu yote anaikodisha. Ntabaki na nini mie? Nikae nitizame watalii?"

Ningeweza kwenda kumwambia Suhail mwenyewe. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Lakini kumshitaki mama kwa mwanawe, na mama mwenyewe kashanambia siwezi, ni jambo ambalo miguu yangu ilikataa. Nikarudi ukumbini nikiwa na hasira, na hasira zikanisaidia kusema.

"Kile kisima ni sadaka ya mumeo, Bi Mkubwa. Kaburini kwake hakuna kinachomfikia ila dua na yale maji. Kesho yanatiwa sumu."

Mikono yake ikasita juu ya karafuu. Nikaondoka, na usiku ule sikumbuki kama nililala.

Alkhamisi, jua linachomoza, Suhail alikuwa ameshavaa bomba mgongoni na kitambaa puani. Mimi nilisimama mbele yake kwenye ukoka, sijui nikikusudia nini, mwanamke mtu mzima, nimeshika kopo la kumwagilia.

"Sogea, Bi Mwatum. N'nakuomba kwa adabu."

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Bi Ummkulthum akatoka na jamvi kichwani na pakacha kwapani. Alitembea mpaka katikati ya ukoka, akatandaza jamvi pale pale kwenye baka la kwanza, likaingia kona kwa kona. Kisha akamwaga karafuu.

Suhail akavua kitambaa. "Mama! Kumbe ni wewe?"

"Ni mie. Siku nne nlianika, nawe huko, na Mwatum huko. Majani hayana ndwele, n'majamvi yangu. Mikarafuu kakodishe ukitaka. Lakini sumu kwenye maji ya babako haiendi."

"Hata kama ni majamvi, mna mbolea humu, itayarudisha kabla ya Jumapili. Hilo jamvi liache, nipige pengine."

"Pengine wapi?" Akanigeukia. "Mwatum, yako majamvi manane ndani. Nisaidie kuanika."

Nilimfahamu. Anataka tufunike wote, asibakize mahali pa kupiga bomba, maana hapana Mpemba atakayepulizia sumu juu ya karafuu za mamake. Na karafuu huchukua siku nne, tano. Baka dogo lingerudi kwa wiki mbili. Ukoka mzima, na wakala wanakuja Jumapili, na kazi yangu?

Niliingia ndani nikatoa majamvi. Moja, mawili, matano. Suhail alisimama na bomba lake mgongoni, anatutizama sisi wawili tukipita mbele yake, akauliza, "Na Jumapili?" Sisi tukaendelea kutandaza. Baadaye nikamsikia anafungua mikanda ya bomba, analishusha chini taratibu.

Jamvi la nane lilikuwa la pale chini ya ngazi, penye ukoka uliokuwa wa kwanza kushika, mwororo, wa kijani kibichi, ambao haujaguswa na lolote. Nikapiga magoti nikaupapasa. Nililia, siwafichi. Kisha nikalitandaza jamvi, nikanyoosha kona zake nne, nikapokea pakacha kwa Bi Ummkulthum, nikamwaga karafuu.