Sura Iliyobaki

Mke wa mwanangu ni fundi lifti. Siku kijana alipomleta nyumbani nilimtazama mikono, nikaona grisi imelala kwenye kucha, nikajisemea kimoyomoyo kwamba mwanangu kaona wasichana wote wa mji huu wameisha. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu, aje na meno ya akiba.

Tunakaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake anaitunza yeye. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni, na mwanangu hawezi hata kunyoa ndevu bila redio. Kwa hiyo mkwe alipoamua kusoma kila siku, hata kidogo, mpaka apate leseni ya daraja la juu, nyumbani hapakuwa na pa kusomea. Akajitafutia. Saa saba mchana, wapangaji wakiwa wachache, aliingia kwenye lifti, akaisimamisha kwa ufunguo wake katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akapindua ndoo, akakaa na kitabu chake cha ufundi, kinene kama tofali. Alisoma kwa sauti, kwa kuwa akisoma kimya maneno hayamkai kichwani. Aliyepita kwenye ngazi wakati huo alimsikia ukutani akisoma mambo ya nyaya na mota kama anayemsimulia mtu.

Nilimcheka sana. Mimi kusoma kwangu ni tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa, basi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, jamani. Yule binti aliyekuwa akiitwa na msimamizi wa jengo anafyata mkia, akaanza kumjibu, tena kwa hoja. Ikawa mafundi wa majengo mengine wanampigia simu kumuuliza. Hata kutembea kwake kulibadilika. Mtihani ulipokuja aliufaulu vizuri, tukampigia vigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kesho yake nikakikuta kitabu kabatini, pasi imewekwa juu yake.

"Umekimaliza?" nikamuuliza.

"Imebaki sura moja, Mama. Lakini hiyo haitoki kwenye mtihani."

Mtihani umepita, kitabu cha nini tena? Nami nikaona sawa. Ndivyo tulivyosoma sisi sote tangu shule, swali likishajibiwa daftari linafungiwa maandazi.

Wiki haikuisha, lifti ikaanza kusimama yenyewe. Saa saba, palepale katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Taa haizimi, feni inazunguka, ila haiendi juu wala chini. Inakaa kiasi kile alichokuwa akikaa mkwe wangu na kitabu chake, kisha inaondoka taratibu kama iliyokata tamaa.

Wa kwanza kunasa alikuwa mhasibu wa ghorofa ya pili, mtu mzima na kitambi chake. Alitoka humo jasho jembamba linamtiririka, akasema kasikia mtu anafunua karatasi pembeni yake. Tukamwambia apunguze kazi. Baadaye akanasa mwalimu mmoja mstaafu, mama asiyependa upuuzi. Yeye hakusikia karatasi. Alisema, "Nilihisi kuna mtu ananisubiri nianze." Hakupanda lifti tena.

Mkwe alikagua kila kitu. Alibadilisha vitufe, akabadilisha swichi, akashinda juu ya paa kwenye chumba cha mtambo mpaka macho yakawa mekundu. Hakuona kosa. Msimamizi wa jengo, bwana mwenye funguo nyingi na subira kidogo, akamwambia ikisimama mara moja zaidi ataleta kampuni nyingine, na leseni yake akaifungie vitumbua. Niliumia kuliko yeye. Mtoto wa watu kajinyima vile, halafu aje kufukuzwa na mlango wa bati!

Siku ya pili yake mteja alitaka mapazia yake mchana uleule, na magoti yangu na ngazi hatuelewani. Nikapiga moyo konde, nikaingia na furushi langu. Ilishuka vizuri hadi ilipofika pale pake. Ikasimama.

Nilitulia kwanza. Kisha nikasikia karatasi ikifunuliwa. Haikutoka nje, wala juu. Ilikuwa hapo hapo, usawa wa goti langu, mahali ambapo mtu angekuwa amekaa kwenye ndoo. Nikasema, "Hodi," kama mjinga. Ikafunuliwa tena, kwa haraka, kama mtu anayetafuta mahali alipoishia. Niliogopa. Sitaki kujidai hapa, niliogopa mpaka furushi likaniponyoka.

Nikabonyeza kengele. Baada ya muda sauti ya mkwe ikashuka kutoka juu, kupitia tundu zinapopita kamba za lifti.

"Mama! Ni wewe? Usiguse kitu. Nafungua breki kwa mkono nikushushe taratibu hadi ghorofa ya tatu."

Nikasikia chuma kikilia juu. Nikashika ukuta, nikangoja. Sikusogea hata unywele.

"Umeshuka?" akauliza.

"Sijashuka."

"Breki iko wazi kabisa, Mama." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hakuna kinachokushikilia hapo."

Karatasi ikafunuliwa. Hapo ndipo nilipoelewa, na sijui niliambiwa na nani. "Mwanangu," nikapaza sauti, "nenda kabatini, toa kile kitabu, uisomee lifti sura iliyobaki."

"Saa hizi, Mama?"

"Uliizoesha wewe kusomewa, imalizie wewe! Inangoja!"

Alifunga breki, nikasikia miguu yake inakimbia. Aliporudi alikuwa anahema. Akaanza kusoma ile sura iliyobaki, sauti inashuka kwenye lile shimo, na kila alipofunua ukurasa huko juu, ukurasa ulifunuliwa pamoja naye humu chini. Kibanda kizima cha lifti kikatulia. Ile hali ya kusubiriwa ikaondoka, na Mungu anisamehe, nikaanza kufurahia. Alikuwa anasoma vizuri, mtoto yule.

Akafika mahali kitabu kinasema kwamba unga mwekundu unaofanana na kutu, ukionekana juu ya kibanda na kwenye kamba za chuma, ni dalili kwamba kamba zinalika kwa ndani, hata kama kwa nje zinang'aa, na lifti isiendeshwe tena. Akairudia sentensi ile polepole, na safari hii hakuwa akiisomea lifti.

"Mama," akasema. "Usitikisike. Nimekuwa nikiufagia unga huo kila Jumatatu. Nilidhani ni vumbi la matofali."

Mimi ni mshonaji, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Uzi uliooza ndani naujua. Unaushika mzima, unauvuta, unabaki na kipande.

Zimamoto walipigiwa simu lakini hakuwasubiri. Alishuka ghorofa ya nne na mhasibu na msimamizi, waliokuja mbio kwa ile kengele, akafungua mlango wa nje kwa ufunguo wake, kisha wa ndani. Nikaona nyuso zao juu yangu, na ukingo wa sakafu ukiwa usawa wa kifua changu. Karatasi ikaanza tena kufunuliwa miguuni pangu, kwa hasira sasa, na kibanda kikashuka kidogo. Kidogo tu, upana wa kidole.

"Soma!" mkwe akamtupia msimamizi kitabu. "Endelea nilipoishia!"

"Mimi?"

"Soma!"

Kumbe yule bwana, na funguo zake zote, alikuwa msomaji wa kuokotaokota. Ka-mba i-na-po-... Anameza mate, anarudi nyuma, anaanza upya. Siku nyingine ningemcheka hadi nilie. Lakini kibanda kilitulia kikimsikiliza, na mkwe akalala kifudifudi, akanishika kwapani, mhasibu akanishika mkono wa pili. Mimi si mwepesi. Walivuta, wakapumzika, wakavuta.

"Polepole," mkwe alikuwa anamwambia msimamizi, meno yameumana. "Usikimbilie. Zimebaki kurasa ngapi?"

"Huu ndio wa mwisho."

"Basi polepole zaidi. Tafadhali, baba yangu, polepole."

Akasoma kila neno kama anavuka mto kwa kukanyaga mawe. Goti langu moja likafika sakafuni. Akasoma. La pili likafika. Nilikuwa bado naburuza unyayo juu ya ukingo alipotamka neno la mwisho, akafunga kitabu kama tulivyofundishwa sote shuleni.

Kibanda kilianguka bila kelele mwanzoni. Nilihisi upepo tu kwenye kisigino. Kisha jengo zima likatikisika, na unga mwekundu ukapanda kutoka chini ukatujaa puani.

Msimamizi alikuwa analia waziwazi. Mkwe wangu alikaa pale ukingoni, akakichukua kitabu kwa mikono yake ya grisi, akakifungua ukurasa wa kwanza kabisa na kuanza kusoma kwa sauti kuelekea lile shimo. Alisoma ukurasa mzima. Akafunua, akatega sikio. Chini hakukujibu kitu. Akaufunua mwingine, akatega tena, machozi yanadondokea maandishi.

Nikajikokota hadi alipo, nikakaa sakafuni karibu naye, bega kwa bega.

"Endelea," nikamwambia. "Mimi nasikiliza."