Kikaratasi cha Njano

Ardith Kosik aliipiga barua ya ofisi ya kodi mezani hadi kahawa ikamwagika.

"Dola elfu arobaini na moja! Mimi mpishi wa shule, Anselm. Hata niuze figo zote mbili hazifiki!"

Anselm, wakili kijana wa kituo cha msaada wa kodi pale Toledo, aliifuta kahawa kwa mkono wa shati. "Mkisaini fomu ya kodi pamoja, Bi Ardith, deni ni la wote wawili, hata mkiachana. Ila mke asiyejua anaweza kuomba aondolewe. Ulijua mumeo wa zamani, Dwight, anaficha fedha anazolipwa kwa kuezeka mapaa?"

"Ningejua, ningevaa viatu hivi?"

"Uliisoma fomu kabla ya kusaini?"

Ardith akakumbuka. Kwa miaka kumi na sita, kila Aprili, Dwight alimletea ukurasa mmoja tu, umebandikwa kikaratasi cha njano pa kusaini, yeye mikono imejaa unga wa kukaangia kuku. "Saini hapo, mpenzi, posta inafungwa." Naye alijifuta kwenye aproni, akasaini. Hasira ikampanda upya, safari hii kwa yule mwanamke wa aproni.

"Niseme alinilazimisha?"

"Alikulazimisha?"

"Hapana. Aliniita mpenzi."

"Basi andika hivyo hivyo." Anselm akatoa fomu ya ombi. "Kuna jambo. Sheria inataka ofisi ya kodi imwarifu Dwight. Atapewa nafasi ya kusema. Anwani yako mpya hawatampa."

"Aseme nini tena? Nyumbani kwangu nani mwingine aliwahi kusema?"

Akanyakua mkoba, akafika mlangoni, akashika kitasa. Akisaini ombi, Dwight ataropoka. Asiposaini, yeye ndiye atakayelipia mapaa ya Dwight hadi kaburini. Akarudi, akavuta kiti kwa kishindo.

"Aropoke! Mara hii na mimi nina mdomo. Lete."

Wakaijaza fomu pamoja, swali kwa swali. Mwishowe Anselm, akitazama saa, alimsogezea ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameubandika kikaratasi cha njano.

"Saini hapo tu, Bi Ardith, nina mteja saa saba."

Ardith alikibandua, akakikunjakunja, akakitumbukiza kwenye kikombe cha Anselm.

"Kaa chini, mwanangu. Mteja atasubiri."

Akavaa miwani, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.