Dume la Mwenyekiti

Ndama alitoka saa mbili asubuhi, miguu ya mbele imekunjika na kukakamaa. Mwenyekiti wa chama cha wafugaji alijaribu kuinyoosha kwa mikono yake mwenyewe. Haikunyooka.

"Acha, baba watoto, unamuumiza," mkewe alisema. "Kama yule wa jirani."

Mwenyekiti aliiachia miguu ile. Saa nne kulikuwa na mkutano mkuu, na ajenda ilikuwa moja: kupitisha dume lake litoe mbegu kwa wanachama wote. Miaka thelathini alikuwa akiutafuta uzao ule, na watu wamemvisha vilemba vya ukoka hadi shingo haigeuki. Miezi miwili nyuma, jirani yao mjane alipoleta habari za ndama aliyezaliwa hivyo kwa mbegu za dume hilo hilo, Mwenyekiti alimjibu mbele za watu kwamba kosa ni lishe duni, na ng'ombe wake hafai kuzaa tena. Watu walicheka, na yeye ndiye aliyeanza.

Sasa ng'ombe wake, anayekula vizuri kuliko nusu ya wajumbe wa kamati, alikuwa amezaa yale yale.

Alivaa shati, akalivua, akavaa lingine. Chai ilipoa. Alifungua daftari la uzazi, akafuatisha kwa kidole. Baba wa ndama ni dume lake lile lile, na babu wa dume hilo ni dume la kwanza alilolisambaza ujanani. Babu wa mama wa ndama ni lile lile. Akafunua kurasa za wanachama, zizi baada ya zizi: babu yule yule! Yeye ndiye aliyewajazia mazizi uzao huo, kisha akawaletea mjukuu awapande dada zake. Miaka yote hiyo alikuwa akitazama viwele tu, mtu mzima na akili zake.

"Unaweza kunyamaza," mkewe alimwambia mlangoni. "Lakini ukinyamaza, usirudi hapa kunililia."

Ukumbini hakukalika. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Mzee, una nini?" katibu alimnong'oneza. "Leo si siku yako?"

Kura ikaitwa. Mikono ikaanza kupanda, mingi, kwa furaha.

"Shusheni mikono," Mwenyekiti alisema.

Akawaeleza yote: ndama, daftari, babu mmoja katika kila zizi. Dume lile lisiguse ng'ombe wa mwanachama yeyote. Kisha akamtafuta mjane kwa macho kwenye viti vya nyuma.

"Mama, lishe yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu. Nisamehe."

Mjane alisimama taratibu, ameshika mkoba kifuani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mwenyekiti zaidi.

"Nimekusikia, baba. Sasa yule ng'ombe wangu? Uliniambia hafai kuzaa tena, nikampeleka machinjioni. Nilikuwa naye huyo huyo mmoja."