Jina Ndani ya Duara

Genge moja la mtaa wa Saint-Gilles lilikuwa na desturi: kabla ya kumpiga mtu, lilichora jina lake ukutani kwa alama za siri na kulizungushia duara. Harun alivunjwa meno. Bernard alichanwa uso kwa mnyororo.

Jumatatu likaonekana duara la tatu. Kasoki, msichana wa mtaa huo, akakumbuka somo la shuleni: wasomi walianza kuyafumbua maandishi ya Misri ya kale kwa majina ya wafalme yaliyozungushiwa duara, wakilinganisha alama zilizojirudia. Naye akalinganisha. A, R na N zilikuwamo kwa Harun na kwa Bernard, zilizobaki zikafuata. Akalisoma la tatu: Ruben. Kaka yake!

Alitimua mbio hadi nyuma ya stesheni, mahali genge lilipozoea kupigia watu. Ruben alikuwa chini, damu ikimtoka puani, mnyororo umeinuliwa.

"Bon, dada yake amekuja kulia, alors!" walicheka wakichanganya na Kifaransa.

Kasoki alijitupa juu ya kaka yake. Mnyororo ukamvunja mkono.

"Alama zenu ninazisoma," alisema akiuma meno. "Na polisi nitawafundisha kuzisoma leo leo."

Kicheko kikakatika. Mnyororo ukaanguka chini, na miguu ikakimbia.